Eda Nzima

Jana Zuhura, mkaza mwanangu, alinipondea majani ya mkunazi ya kuoshea nywele. Yeye yuko uani, mimi ndani nimekaa na shuka langu jeupe, na harufu ikavuka pazia kabla kinu hakijanyamaza. Ni harufu ya jani bichi na ute, haina manukato hata chembe, ndiyo maana mjane anaruhusiwa kuosha kichwa kwa majani hayo. Machozi yakanimwagika. Zuhura alipoingia na bakuli la povu akadhani namlilia mume wangu, akaanza kunipa pole upya.

"La, mwanangu," nikamwambia. "Leo namlilia babu."

"Babu gani tena, mama?"

"Yule niliyemkalia eda nilipokuwa na miaka saba."

Akaliweka bakuli chini taratibu, akanitazama vile watu wanavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganya siku. Kisha, ili anirejeshe duniani, akaniuliza zimebaki siku ngapi, akajijibu mwenyewe: "Miezi minne na siku kumi si mchezo, mama, lakini utafika." Alilisema hilo kama mtu asemaye kwamba jua hutoka mashariki. Haikumpitia kichwani kwamba palikuwa na zama ambapo mjane aliulizwa kwanza wewe ni nani, ndipo aambiwe akae siku ngapi. Nikanyamaza, akaniosha. Lakini mimi si mtu wa kunyamaza, wanaonijua wanajua, na nyinyi wenzangu mliobaki wachache mnaoyakumbuka mashamba ya Malindi yalivyokuwa, nawasimulia nyinyi.

Mimi nililelewa na bibi mzaa mama, Bibi Zafarani, na mumewe, Babu Baraka. Mama alikuwa ameolewa Kilifi, akaniacha shambani nimliwaze bibi, kama ilivyokuwa desturi kwa mjukuu wa kwanza. Shamba lilikuwa nyuma ya mji, mtama na ufuta hadi macho yachoke, na nyumba yetu ya udongo na makuti ilikuwa ukingoni kabisa. Shamba lilikuwa la Bi Salma, aliyekaa mjini katika nyumba ya mawe. Nililijua hilo kama nilivyojua kwamba kisima kina maji ya chumvi na kwamba jogoo mkorofi ni wa Mekatana, jirani yetu Mgiriama, mama wa Katana. Sikujua kwamba kulikuwa na la zaidi la kujua.

Sasa, utani wa babu na mjukuu mnaujua. Babu aliniita mke wangu mdogo. Bibi aliniita mke mwenzangu. Asubuhi ungemsikia: "Mke mwenzangu, mpelekee mumeo uji, leo si zamu yangu." Nami nikipeleka, babu akauonja, akageuza uso kwa maringo: "Ah, mke mkubwa amezeeka, uji wa mke mdogo ndio uji." Bibi akitupa mwiko, tukicheka wote watatu. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua kwamba maneno mengine husemwa kwa mchezo tu. Nilikuwa mke wa Babu Baraka na sikuona ajabu yoyote.

Babu akafa kwa homa, siku tatu tu. Matanga yalipoanuliwa, wanawake wakamwosha bibi, wakamvua hereni, wakamfunga shuka jeupe, wakamweka kwenye mkeka nyuma ya pazia. Mimi nikaenda nikachukua kipande cha kitambaa cha marekani kilichobaki kwenye sanda, nikajifunga, nikakaa kando yake. Wakaniambia nitoke nikacheze. Nikawaambia sitoki, na mimi nimefiwa na mume. Wanawake waliokuwa wakilia tangu asubuhi wakaanguka kwa kicheko, mmoja akashika mbavu akisema nitamuua. Bibi peke yake hakucheka.

"Mwacheni," akasema. "Amefiwa kama mimi."

Basi tukakaa eda, mimi na bibi yangu, wake wenza wawili. Hakuna wanja, hakuna hina, hakuna udi. Bibi asuka ukili wa mikeka, mimi namchambulia ukindu. Kwa kuwa mtu wa eda hatoki na nyumba haijitekei maji, bibi alitoa hukumu kwamba mke mdogo ana ruhusa ya kwenda kisimani na barazani, mradi arudi upesi. Kila alfajiri nilifunga fundo moja kwenye uzi wa ukindu tulioutundika mlangoni. Bibi aliniambia mafundo yakitimia miezi minne na siku kumi tutatoka, tutaoga, tutavaa leso mpya. Nami nilifunga kwa meno na vidole, nikikaza kwelikweli.

Uzi ulipofika miezi miwili na siku chache, akaja Mwanasiti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpishi wa nyumbani kwa Bi Salma, na mimi nilimpenda kwa sababu kila akija huniletea kaimati. Siku ile alikuja na maneno.

"Bi Mkubwa anakusalimu, dada Zafarani. Anasema eda yako imekwisha tangu jana, hongera. Jumatano ya mwisho wa mwezi uje mjini, kuna harusi ya mjukuu wake, na pilau ile hakuna mwingine wa kuipika."

Bibi hakuinua macho kwenye ukili. "Eda yangu imefika nusu."

"Nusu yao wao waungwana," Mwanasiti akasema kwa sauti ya chini. "Mimi na wewe, dada, nusu yao ndiyo nzima yetu. Miezi miwili na siku tano. Unajua."

"Najua. Basi mwambie nimekaa ile yao."

Mwanasiti akashika mdomo. "Lahaula! Zafarani, usijitafutie makuu."

Alipokwenda zake nikauliza, na bibi akanieleza, maana hakuwa mtu wa kumficha mtoto jambo linalomhusu. Alikuwa mtumwa wa Bi Salma. Serikali ilikuwa imetangaza utumwa umekwisha, ndiyo, lakini mjini na mashambani walikuwapo wengi, mabwana na watumwa wao, walioshikilia kwamba Serikali yaweza kukutoa mikononi mwa bwana wako, haiwezi kukutoa katika hukumu ya Mungu. Hilo ni mpaka anayekumiliki atamke mwenyewe kwamba amekuacha huru. Babu alitamkiwa na bwana wake zamani. Bi Salma hakutamka. Hata fidia ya Serikali kwa mabwana waliopoteza watumwa aliikataa, akasema Zafarani si ng'ombe amuuzie Mzungu, na mji mzima ukamsifu kwa mapenzi yake. Mbele ya Mungu, basi, bibi yangu alikuwa bado mtumwa, na mtumwa akifiwa na mume eda yake ni nusu.

Mimi katika yote hayo nilishika neno moja tu, nusu. Nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka saba, kwamba bibi ana nusu ya roho. Nyingine iko kwa Bi Salma, pengine sandukuni pamoja na dhahabu zake. Usiku ule bibi alipolala niliweka mkono kifuani pake upande wa kushoto, kisha wa kulia, nisikie upande gani hauna kitu. Pote palipiga. Nikapata hofu zaidi, kwa sababu sasa sikujua ni nusu ipi.

Kila Alhamisi alasiri Mwalimu Athumani, aliyenifundisha mimi na watoto wa shamba lile kusoma Kurani chuoni kwake, alikuja barazani kumsomea marehemu babu. Desturi ya kwetu ilikuwa mwanamke wa eda hamsikizishi sauti yake mwanamume wa kando. Hivyo bibi alipotaka kusema naye, alininong'oneza mimi nyuma ya pazia, mimi nikatoka nikasema, mwalimu akajibu, nikarudi na jibu, ingawa pazia lenyewe lilikuwa la kitambaa chepesi na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Alhamisi ile bibi akaanza.

"Bibi anauliza, ni nini kilichomfanya yeye awe mtumwa."

Mwalimu akakohoa. Alikuwa mtu mwema, mwoga wa vitabu vyake. "Mwambie asili yake ni mateka wa vita. Aliyetekwa vitani huwa milki ya aliyemteka, kisha aliyemnunua, hadi aachwe huru."

Nikaingia, nikatoka. "Bibi anauliza, vita gani? Anasema yeye alikuwa akitwanga."

Mwalimu akatazama miguu yake.

"Bibi anasema, alikuwa na mchi mkononi, mama yake yuko mtoni, wakaja watu watatu. Anauliza, mchi na watu watatu ni vita?"

"Mwambie... mwambie sivyo."

"Bibi anauliza, basi ni wizi?"

"Subhanallah," mwalimu akasema.

"Bibi anauliza, kuku wa wizi akiuzwa, na aliyemnunua akamuuza, na huyo naye akamuuza, hata mara saba, je, mara ya saba amekuwa halali?"

Nilipenda sana kusema maneno yale. Yalikuwa makubwa kinywani mwangu. Mwalimu akafunga msahafu, akaubusu, akauweka. Akaniambia nimwambie bibi atalitazama jambo hilo. Mimi hapo nikaona nafasi, nikasimama pale pale bila kuingia ndani.

"Bibi anauliza tena: yeye alikuwa na jina jingine alipokuwa akitwanga. Zafarani amepewa hapa. Mungu siku ya kiyama atamwita kwa lipi? Na atamwita peke yake, au atamwita pamoja na Bi Salma kwa sababu nusu yake iko kwake? Na mke mwenzake je, akae ngapi?"

Mwalimu akaanza kujibu, kisha akanitazama vizuri.

"Hayo ya mwisho hakuyasema bibi yako."

"Hakuyasema," nikakubali.

Hakunigombeza. Alisema, "Mungu humwita kila mtu kwa jina aliloliandika Yeye, na humwita peke yake. Hakuna anayekuja na mwenye kumshika mkono." Kisha akaongeza: "Kuhusu wewe, hukumu ya mtoto hufuata ya mama, na ya mama hufuata ya bibi. Kaa kama anavyokaa yeye." Akavaa viatu vyake akaenda. Ndipo nilipojua kwamba kama bibi ni nusu, mama ni nusu, na mimi pia.

Sikulia, nilikasirika. Nilikuwa mtoto wa hasira, hata leo sijaponywa. Mwalimu alitufundisha chuoni kupima wakati wa alasiri kwa kuhesabu nyayo za kivuli, nikaona hapo ndipo pa kuanzia kuitafuta hiyo nusu. Bibi alipotoka uani kuanika mtama nikaupima urefu wa kivuli chake kwa nyayo zangu, zikawa tisa. Nikampima Mekatana alipoleta kuni, zikawa nane. Mekatana akauliza nafanya nini kama bata, nikamwambia. Alicheka mpaka akaweka kuni chini.

"Mino sikusoma chuoni," akamwambia bibi juu ya kichwa changu. "Lakini ulipomzaa mamake huyu nilikuwapo, nikakushika magoti. Uchungu ulikuja nusu?"

"Ulikuja wote," bibi akasema.

"Haya basi!" Akabeba kuni zake akazipanga, kama kwamba shauri limekwisha.

Alhamisi iliyofuata mwalimu alikuja mapema. Hakufungua msahafu. Akaniambia nimpelekee bibi neno moja: cha wizi hakiwi halali kwa kuuzwa, hata mara saba, hata sabini. Nikampelekea. Bibi akashusha ukili mapajani. Kisha akaninong'oneza nimuulize kama atalisema neno hilo mbele ya watu. Nikatoka nikamuuliza. Mwalimu akatazama upande wa chuo, kibanda cha makuti kilichosimama katika ardhi ya Bi Salma, akasema wakati wa alasiri umefika.

Siku mbili kabla ya harusi akaja Bi Salma mwenyewe, juu ya punda, mwavuli kichwani, Mwanasiti nyuma. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha isiyo na ubaya ndani yake, na hilo ndilo lililonitatiza kwa miaka mingi. Bibi alikuwa amemzidi umri. Alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto mchanga, hilo lilijulikana. Lakini bibi ndiye aliyeinama akasema, "Shikamoo, Bi Mkubwa," naye akajibu marahaba bila kufikiri.

Wakakaa uani. Mwalimu aliitwa, akakaa barazani nje ya pazia.

"Zafarani," akaanza Bi Salma, "nani amekujaza maneno?"

"Nimefiwa, Bi Mkubwa. Nakaa eda."

"Umekwisha kukaa. Unachokaa sasa si eda, ni kiburi. Mimi nitaulizwa juu yako siku ya hukumu. Wewe ni amana yangu. Ukijifanya ulivyo sivyo, mbele ya Mungu, nikajibu nini mimi?"

"Ukiulizwa juu yangu, sema niulizwe mwenyewe."

Bi Salma akapigapiga paja lake. Alikuwa na machozi karibu, nami niliyaona. "Nimekukosea nini? Nimekulaza na njaa? Nimekupiga? Fidia si niliikataa?"

"Hukunipiga," bibi akasema. "Lakini huyu aliyekufa alikuwa mume wangu miaka yote hiyo. Nani aliyeupima msiba wangu akaukuta nusu?"

Mwanasiti alikuwa akitazama chini. Kisha Bi Salma akavuta pumzi. "Haya. Nikitamka leo, hapa, kwamba nimekuacha huru, Jumatano utakuja?"

Bibi alifikiri. Mimi nilitaka aseme ndiyo. Wallahi nilitaka aseme ndiyo, nusu yetu irudi, na tule pilau.

"Nikija Jumatano nitakuwa nimeununua uhuru," akasema bibi. "Sinunui. Nakaa."

Bi Salma akasimama kwa ghadhabu. Jua lilikuwa la alasiri, kivuli chake kikaanguka ardhini mbele yangu, na mimi mguu wangu haukunisubiri. Nikapima. Nyayo saba.

"Saba!" nikapiga kelele. "Bibi ana tisa! Bi Salma ndiye nusu!"

Nyuma ya ua Mekatana aliangua kicheko akajiziba mdomo. Bi Salma akanigeukia. "Huyu ni nani?"

"Mke mwenzangu," akasema bibi. "Naye yumo edani."

"Huyu ni mtoto wa binti yako, na binti yako ni wangu, na huyu basi ni wangu pia," akasema Bi Salma. "Na mambo ya waungwana nayajua mimi. Muungwana hukaa kwake. Hapa ni kwangu. Siku utakayotoka hiyo eda yako ya kiungwana, utoke na hapa." Kisha akapaza sauti kuelekea pazia. "Mwalimu! Vitabu vyasemaje?"

Sauti ya mwalimu ilikuwa nyembamba. "Vyasema miezi miwili na siku tano, Bi Mkubwa."

Bibi akafumba macho. Sijapata kumwona vile, si hata siku ya maziko. Na mimi nikajua jambo moja waziwazi: neno lile la Alhamisi hakuna aliyemtazama mwalimu machoni akilisema ila mimi. Kwa desturi ya lile pazia, bibi hakulisikia, nililileta mimi. Nikitaka kulimeza limekwisha.

Nikaenda kwenye pazia nikalifunua lote.

"Mwalimu," nikasema, "Alhamisi ulinituma. Ulisema cha wizi hakiwi halali kwa kuuzwa, hata mara saba, hata sabini. Nimelifikisha. Sasa nimelirudisha."

Mwalimu Athumani alinitazama. Alikuwa na mikono juu ya magoti kama sisi chuoni tukingoja kiboko. Nilidhani ataniita mwongo, na kama angeniita mwongo nani angesadiki mtoto? Akasimama. Akasema, akitazama ukuta ili asiwaone wanawake, lakini kwa sauti ya kusomea hutuba: "Mtoto amesema kweli. Niliyasema, na ndiyo haki, na niliyosema sasa hivi niliyasema kwa kuogopa paa la chuo."

Bi Salma akageuka akatoka uani. Alipanda punda wake bila kufungua mwavuli. Chuo kilibomolewa makuti wiki ile, tukasomea barazani kwa mwalimu, tumebanana. Harusi ilifanywa, na nasikia pilau iliungua.

Sisi tukaendelea kukaa. Nataka niseme wazi, maana vijana husikia hadithi kama hizi wakadhani watu wa zamani hawakuogopa: bibi aliogopa. Alijua kila fundo ninalofunga linatutoa kwenye nyumba alimozalia na alimofia mumewe. Usiku alijigeuza kitandani. Siku moja nikamwambia nisifunge fundo leo, tukae zaidi, tusitolewe. Akanipa uzi mkononi. "Funga, mke mwenzangu. Anayesitasita katikati ya mto ndiye anayelowa zaidi." Nikafunga.

Siku ilipotimia, Mekatana alikuja na wanawake wa mashamba, wakaponda mkunazi, wakatuosha bibi na mimi, wote wawili. Wakatupaka hina. Bibi akafukizwa udi, akafungwa leso mpya nyekundu. Wakamshika mikono wamtoe mlangoni kwa vigelegele. Bibi akakaa.

"Njooni kesho," akasema.

"Weye mwanamke!" Mekatana akapiga kofi. "Miezi minne haijakutosha?"

"Ile miezi minne na siku kumi nimeamrishwa na dini yangu, nimeikaa. Ile miwili na siku tano nimeamrishwa na watu, nimeikataa. Lakini tangu siku ile niliyokamatwa na mchi mkononi, sijapata kukaa hata siku moja kwa sababu tu nimetaka kukaa. Leo ndiyo hiyo."

Akakaa siku nzima, amenukia, mikono myekundu mapajani, hafanyi kitu. Hakusuka ukili. Hakuchambua mchele. Mwanasiti alipofika alasiri kuuliza nyumba itakuwa tupu lini, bibi akamkaribisha, akampa kahawa, akamwambia amjulishe Bi Salma ni kesho. Mwanasiti akamtazama vile alivyokaa. Akakaa naye, hakuondoka mpaka magharibi. Mimi nilichukua uzi wa ukindu nikauliza nifunge fundo la leo.

"Usifunge," bibi akasema. "Hii haihesabiwi."

Asubuhi alifagia nyumba yote, mpaka chini ya kitanda, akafunika kinu. Akauvaa uzi wa mafundo shingoni. Tukapita mjini kwa Bi Salma, vikapu kichwani, bibi akiwa na makubadhi miguuni, na makubadhi hayo hakuyavua mlangoni pa baraza kama mtumwa alivyotakiwa kuvua. Bi Salma alikuwa amekaa na chai yake.

"Sabalkheri, Bi Salma," akasema bibi.

Hapo hakuna shikamoo, hakuna Bi Mkubwa. Nilimshika leso kwa woga. Bi Salma akaweka kikombe, akamtazama miguu, akamtazama uso. Sijui walitazamana muda gani. Nilihesabu nguzo zote za baraza lile mara mbili.

"Sabalkheri," akasema Bi Salma.

"Nimekuja kuaga. Nyumba nimeifagia."

Bi Salma akasimama. "Nimekuacha huru kwa ajili ya Mungu, Zafarani. Wewe na mwanao na huyu."

Bibi akamjongelea, akamwekea mkono begani, kama mtu aliyewahi kumbeba. "Mungu akulipe kheri," akasema. "Umefika, mwanangu. Ulikawia, lakini umefika."

Tukaondoka. Tulilala Matsangoni kwa watu tusiowajua, tukafika Kilifi kwa mama miguu imevimba, na bibi akaishi huko kwa miaka mingi katika nyumba ya makuti aliyoijenga kwa kuuza mikeka, hakuna aliyemwambia ni ya nani. Mimi nikaolewa Kilifi, nikazaa Kilifi, na mume wangu amezikwa Kilifi. Uzi wa ukindu umeoza zamani. Nimefunga mwingine. Uko mlangoni hapa, na Zuhura anadhani ni mchezo wa kizee.

Leo alipoleta uji nikamwambia akae chini anisikilize. Nikamwambia siku zikitimia awaite wanawake, hina iwe tayari, udi uwepo, leso iwe nyekundu, lakini asinitoe mtu. Waje kesho yake. Alifungua mdomo kunibishia, akanitazama, akaufunga.

"Na hiyo siku moja, mama," akauliza, "tuiingize kwenye hesabu?"

"Usiihesabu," nikamwambia. "Hiyo ni yangu."